Siku ya Hesabu Haina Msafara

Wapendwa, fungueni kitabu cha Samweli wa Kwanza, sura ya 12, mkamtazame mzee yule pale Gilgali. Kichwa kimejaa mvi. Ameliongoza taifa tangu ujana wake, na sasa amekabidhi madaraka kwa Sauli, yule kijana mrefu aliyewapita wote mabega. Mwingine angeaga, akapokea zawadi, akaenda kupumzika. Samweli anawaita watu wote na kuwataka wamshtaki! Anataja ng'ombe, anataja punda, anataja rushwa. Kama yupo aliyedhulumiwa naye, ajitokeze, arudishiwe kilicho chake. Na hayo yote anayasema mfalme mpya akiwa amesimama palepale anasikiliza.

Hilo la mwisho sisi wahubiri tunalipita mbio. Samweli hakuuliza siku zile alipokuwa na fimbo mkononi, maana nani angethubutu kufungua mdomo? Aliuliza alipokuwa hana tena cha kumpa mtu wala cha kumtishia. Na msisahau kwamba wanawe wawili, waamuzi kule Beer-sheba, walikuwa wala rushwa. Biblia haikumfichia aibu hiyo. Alisimama mbele ya watu huku jina la nyumba yake likiwa tayari limechafuka, na bado akataka hesabu isomwe.

Leo nataka kusema na Waziri Mkuu. Aliye kwenye kiti sasa, waliomtangulia, na yule mtoto ambaye asubuhi hii anapanda kilima cha Ihungo na madaftari yake, ambaye Mungu peke yake anajua atakuja kuwa nani. Nikimaliza naye nitawageukia ninyi, watu wa Bukoba na Muleba, maana nanyi mna kesi. Msinikimbie katikati, waitu, ndugu zangu.

Kiti chenyewe kikoje? Katiba yetu, ibara ya 52, inamkabidhi Waziri Mkuu udhibiti na usimamizi wa kazi za Serikali za kila siku, kisha inamfanya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Rais humteua, Bunge humthibitisha kwa kura, na ibara ya 53A inawapa wabunge uwezo wa kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Kalamu ya kumfukuza waziri hana. Hiyo ni ya Rais. Basi atayalinda maadili kwa kitu gani? Ana macho yanayofika kila wizara. Ana mdomo wa kumwambia Rais ukweli wanapokuwa wawili chumbani. Na ana karatasi moja ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya, nayo ni barua yake ya kujiuzulu. Waziri Mkuu anayeiogopa karatasi hiyo amefungwa mikono kabla hajaapa.

Sisi wa Buhaya hatukuanza kumjua mtu wa namna hii wakati wa Uhuru. Huko Kiziba, huko Ihangiro, Mukama, mfalme wetu, alikuwa na katikiro wake, yaani waziri wake mkuu, na mwananchi aliyetaka neno lake lifike juu alijua mlango wa kubisha. Wazee walikionja cheo hicho, utamu na uchungu wake. Waliona wakubwa wakigawiwa ardhi ya watu, nyarubanja, kwa fadhila za Mukama, na mkulima aliyezaliwa kwenye kibanja cha babu yake akaamka asubuhi akiwa mtwana wa mtu, anadaiwa malipo kwa ardhi aliyozikia wazazi wake. Ilibidi Serikali huru itunge sheria, miaka ya 1960, ndipo jambo hilo likavunjwa. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ulafi wa wakubwa uliletwa na vyama vingi au na Azimio la Zanzibar la 1991 peke yake. Azimio lile lililegeza miiko ya viongozi tuliyoiweka Arusha mwaka 1967, ni kweli. Lakini miiko ilihitajika kwa sababu ugonjwa ulikuwepo.

Sasa tusogee karibu, hata kama panauma.

Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kuachia uwaziri mkuu, baada ya kamati teule ya Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, na lalamiko hilo si dogo. Pamoja naye akaondoka waziri wa nishati na madini, Nazir Karamagi, mbunge wa Bukoba Vijijini. Tarehe 20 Desemba 2013 akaachia ngazi waziri wa maliasili na utalii, Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa waziri wa ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini, kwa ajili ya shilingi bilioni 1.6 zilizoingia kwenye akaunti yake katika sakata la fedha za akaunti ya escrow ya Tegeta.

Hesabuni wenyewe. Bukoba Vijijini, Bukoba Mjini, Muleba Kusini. Mawaziri watatu, na miaka saba haijatimia! Abiria wa basi la asubuhi angeweza kuyapita majimbo hayo yote matatu kabla ya chakula cha mchana. Na bado, kila ikifika zamu ya kuhubiri juu ya ufisadi, sisi watu wa Kagera tunanyoosha kidole kuelekea Dar es Salaam.

Sitawatia wote kapu moja, maana mambo yao hayafanani. Kagasheki hakumpiga mtu. Operesheni Tokomeza, ya kupambana na majangili, ilifanywa na vyombo vya dola, na kamati ya Bunge ilipoeleza jinsi raia walivyouawa, walivyoteswa na mifugo ilivyoporwa, alisimama bungeni akasema anaondoka. Mawaziri wengine watatu walitenguliwa siku hiyo. Kabla yake Ali Hassan Mwinyi alifanya vivyo hivyo mwaka 1977, alipoachia uwaziri wa mambo ya ndani kwa vifo vya raia mikononi mwa polisi kule Shinyanga, naye kwa mkono wake hakumgusa mtu. Miaka minane baadaye Watanzania wakamfanya Rais. Aliyeshuka kwa heshima alipandishwa kwa heshima.

Kwa Mama Tibaijuka nataka kuwa mwangalifu, kwa kuwa ni mama yetu. Aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa na kulitangaza jina la Muleba hadi Nairobi na New York. Alieleza kwamba zile fedha zilikuwa mchango kwa ajili ya shule ya wasichana, na mabinti waliosoma kwa jitihada zake wako hai, wanashuhudia. Akakataa kujiuzulu. Rais akauliza swali jepesi kabisa: kama ni za shule, zimefuata nini kwenye akaunti ya mtu? Nakuuliza nawe, mweka hazina wa usharika, mtunza mfuko wa msikiti, katibu wa kikundi cha kukopeshana: sadaka ya ujenzi ikilala kwenye simu yako usiku mmoja, asubuhi unakumbuka ipi ya Mungu na ipi ya nauli? Ndugu zetu Waislamu husimulia habari za Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyezima taa inayotumia mafuta ya umma pale mazungumzo yalipogeukia mambo ya nyumbani kwake. Taa! Mafuta ya kibatari! Nasi tunasumbuana juu ya mabilioni.

Na Waziri Mkuu je? Desemba zote mbili kiti kilikuwa cha Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima, kama alivyopenda kujiita. Mtu wa maisha ya kawaida, mpole, aliyewahi kulia bungeni kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Lakini jumlisheni. Aprili 2012 wabunge walikusanya saini wakitaka kumpigia kura ya kutokuwa na imani, Rais akalipangua baraza la mawaziri, mambo yakatulia. Desemba 2013, Tokomeza. Mwishoni mwa 2014, escrow, mabilioni zaidi ya 300 ya akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Mawaziri walianguka mmoja baada ya mwingine, na msimamizi wao akabaki ameketi. Sisemi aliiba. Nasema mikono misafi peke yake haimtoshi mtu aliyepewa kazi ya kusimamia mikono ya wengine. Unyofu wake ni wa kwake na Mungu wake. Usimamizi wake ni wetu sisi, na ndio tunaomdai.

Hapa mjini kwetu tulilipia uzembe huo kwa bei yetu wenyewe. Kumbukeni ugomvi wa meya na madiwani wa Manispaa ya Bukoba, soko kuu, viwanja, kundi hili na kundi lile. Wakati huo TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, ilikuwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kesi yetu ilikuwa mezani kwake, haikuwa na pengine pa kwenda. Ikavutwa mpaka Januari 2014, Mkaguzi Mkuu alipokuja na ripoti yake na meya akatangaza kuachia ngazi. Soko likabaki lilelile. Akina mama wakaendelea kupanga nyanya na dagaa zao chini, mvua ya Bukoba ikinyesha kama inavyojua kunyesha.

Kisha likaja tetemeko. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi iliyumba kwa nguvu ya 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba zikapasuka. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa uwanja wa Kaitaba, pamoja nasi, mbele ya majeneza. Nampa haki yake: alikuja upesi, akaondoka hapa kwenda kuwaomba mabalozi na wafanyabiashara watuchangie, nao wakachanga. Wiki mbili na siku chache baadaye, Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa wakaondolewa kwenye nafasi zao, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lilelile la akaunti ya maafa. Someni tena polepole. Jina lilelile! Mtu wa Sweden au wa Mtwara anatuma mchango kwa ajili ya mjane wa mtaani Hamugembe anayelala chini ya turubai, na tuhuma ni kwamba pametengwa pembeni mfuko mwingine wenye sura ya ule wa kwanza. Januari 2017 Rais Magufuli akaja kutuambia kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha zikaelekezwa kwenye taasisi za umma. Inawezekana uamuzi ule ulikuwa na hoja; shule za Ihungo na Nyakato zilikuwa zimebomoka na zilihitaji kuinuliwa. Lakini aliyechangishwa aliambiwa fedha ni za mhanga, na mhanga alitakiwa asomewe hesabu kwa lugha anayoielewa, mtaani kwake, shilingi kwa shilingi. Yule aliyepitisha bakuli kwa jina letu alipaswa kurudi na bakuli.

Mtu wa Mutukula atasema, afadhali ninyi. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2023, mabati yaliyonunuliwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda kwa ajili ya wanyonge wa Karamoja yalikutwa yameezeka mabanda ya wakubwa, na mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani. Sawa. Lakini dhambi ya jirani haijawahi kumsafisha mtu.

Sasa msafara. Mnajua unavyokuja. Siku tatu kabla, katapila linapita kwenye barabara ambayo mwaka mzima bodaboda wameililia. Mawe ya kando yanapakwa chokaa. Wodini yanatandikwa mashuka mapya, na mgonjwa anaonywa asiyachafue, na ving'ora vikishapita, mashuka yanakunjwa yanarudi stoo. Risala inaandikwa, inapelekwa kwa mkubwa, inarudi imekatwa mistari miwili ya mwisho, ile iliyokuwa na neno "tunaomba". Anayefanya hivyo anamtendea Waziri Mkuu ubaya kuliko adui yake, kwa kuwa amemnyima yale macho niliyosema ndiyo silaha yake. Na wewe Waziri Mkuu unayafahamu hayo. Ulikuwa mbunge, huenda ulikuwa mwalimu au mtumishi, uliyaona. Kwa nini basi unakuja kwa ratiba iliyochapishwa? Panda boti ya kawaida uende kisiwani Bumbire siku ambayo hujaalikwa. Ingia zahanati, uliza dawa iko wapi, kaa kwenye benchi pamoja na wanaosubiri.

Ila na hapo nikuonye. Majaliwa alikaa kwenye kiti miaka kumi, na tulimzoea akisoma mabango ya wananchi na kumsimamisha mtumishi papo hapo jukwaani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nami nilipiga. Lakini makofi si hukumu, na mtu aliyeitwa mbele ya uwanja mzima hana nafasi ya kufungua faili lake. Wengi wetu tunamlilia Edward Sokoine, aliyefia barabarani Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, na tunafanya vizuri kumlilia; ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati Idi Amin alipouvamia mkoa wetu. Ila msako wake wa wahujumu uchumi mwaka 1983 uliwakumba na wasiokuwa na hatia, kwa sheria maalumu iliyowanyima dhamana. Ukali usiopitia sheria humfikia mwenye duka la sabuni, na papa anaogelea zake. Ukitaka kuwa mkali, Waziri Mkuu, anza na wale wanaokula nawe meza moja, ambao kuwagusa kutakugharimu usingizi.

Jambo lingine ni ulimi. Ijumaa ya tarehe 12 Machi 2021, msikitini Njombe, Waziri Mkuu Majaliwa aliwaambia waumini kwamba Rais Magufuli ni mzima na anachapa kazi. Tarehe 17 tukatangaziwa kifo. Najua kuna kiapo cha siri, na najua hofu ya nchi kutikisika. Lakini kati ya kunyamaza na kuthibitisha pana nafasi kubwa ya mtu mwadilifu kusimama. Neno la Waziri Mkuu ni mali ya umma sawa na gari lake. Likitumika vibaya mara moja, siku atakapokuja kutuambia tuhame bondeni kwa sababu mto unafurika, nani atahama?

Nimemaliza naye. Sasa ninyi.

Mnalaani butura, si ndiyo? Mlanguzi anakuja shambani kahawa ingali mbichi mtini, anakupa hela kidogo ya ada ya mtoto, na msimu ukifika anavuna gunia zima kwa bei ya debe. Serikali imepiga marufuku, ushirika umepiga kelele, maaskofu wamekemea. Kisha mgombea anafika na kanga, chumvi na noti ya elfu kumi, nanyi mnamuuzia butura miaka mitano ya maisha yenu! Ripoti ya Tume ya Jaji Warioba, naye mwenyewe aliwahi kuwa Waziri Mkuu, ilituambia mwaka 1996 kwamba rushwa imeingia kila kona, kuanzia kwa mwenye shida ya kitanda hospitalini hadi kwa mwenye mkataba mkubwa. Mbunge aliyekununua hivyo ndiye anayetakiwa kumthibitisha Waziri Mkuu kwa kura, na ndiye anayetakiwa kumwuliza maswali Alhamisi asubuhi. Atamwuliza nini? Amekwisha kukulipa, hakudai wala humdai.

Na harambee zetu. Waziri akirudi nyumbani Krismasi, wakati Bukoba imejaa magari ya Dar es Salaam na kila ukoo una mgeni, tunamwita mbele kanisani, tunamtajia bati, nondo, kinanda, basi la kwaya. Mshahara wake tunaujua. Anatoa milioni ishirini, tunapiga vigelegele, mchungaji anambariki kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja anayeuliza zimetoka wapi. Tumemfundisha kuiba, kisha tunamzomea akikamatwa. Nasema haya nikiwa natumikia madhabahu iliyoezekwa kwa michango ya namna hiyo, na ninawaambia wazee wa usharika wangu: kuanzia sasa mgeni mwenye cheo atoe sadaka yake kwenye kapu kama Ma-Kokubanza wa sokoni, bila kutangazwa. Bati likipungua, tutanyeshewa.

Vijana, jifunzeni sheria. Ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, inayomtaka kila kiongozi, Waziri Mkuu akiwemo, aorodheshe mali na madeni yake kila mwisho wa mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili. Fomu hizo zinalala kabatini, na wengi wetu hatuzifuati. Zifuateni! Mwandikieni mbunge, si barua ya kuomba mchango wa mahari, bali ya kumwuliza swali gani atamwuliza Waziri Mkuu Alhamisi, na Ijumaa mwulizeni alijibiwa nini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotumbukia ziwani hapa machoni petu, ikiwa na watu 43, na 19 wakafa, waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi na kamba. Waziri Mkuu alikuja tena, tukaswali na kusali tena Kaitaba. Waulizeni wenye dhamana leo: boti ya uokoaji iko wapi, mafuta yake yananunuliwa na nani, wazamiaji ni wangapi na wanalala umbali gani na uwanja wa ndege?

Akija tena, na atakuja, msimpeleke kwanza jukwaani. Mpitisheni Hamugembe na Kashai. Mwenyekiti wa mtaa asimame na daftari lake, asome nani alipewa bati na nani hakupewa, na mwenye nyumba iliyopasuka awe karibu amsahihishe. Mvuvi wa kisiwa cha Kerebe aeleze. Mwuza nyanya aeleze. Waziri Mkuu akae kwenye kiti cha plastiki mpaka wa mwisho amalize, hata kama magari yamewashwa na wasaidizi wanatazama saa. Ngoma zitapigwa baadaye, kama bado kuna mwenye hamu nazo.